Vibanzi Nyuma ya Kibanda cha Kuoshea

Uligeuza uso. Usijitetee, wengi tulikuona. Kila unapopita kwenye ule uzio ulioota kutu, mahali ardhi ilipobonyea ikawa dimbwi jeusi lisilo na hata nyasi, unapandisha kioo cha gari au unajifanya unatafuta kitu mfukoni. Wanao wakikuuliza, unawapa jibu lile lile ulilopewa wewe: hapo palikuwa na kisima cha gesi, kikalipuka kwa sababu mchimbaji alisinzia. Jibu hilo ulilimeza zima zima kama kidonge. Hukujiuliza mtu anasinziaje akiwa amesimama, mkono kwenye breki, mtambo unanguruma mpaka meno yanagongana. Hukuuliza chini ya miguu yake kulikuwa na nini. Ilikuwa rahisi kumzika mtu na lawama yake kuliko kuliuliza jiwe.

Basi kaa hapo usikilize. Maana mchimbaji yule aliacha watoto wawili, nao hawakugeuza uso.

Wa kwanza ni binti. Alisomea mawe mpaka akawa mwanajiolojia, na kazini walimwita Shangazi Mawe, kwa sababu alilitazama jiwe kama shangazi anavyomtazama mchumba aliyeletwa nyumbani: kwanza miguu, kisha meno, kisha anauliza ukoo. Wa pili ni mdogo wake wa kiume, aliyeirithi kazi ya baba. Yeye ndiye aliyesimama kwenye jukwaa la mtambo mpya akishika usukani wa shughuli yote, wakamwita Breki. Wengine, akiwapa kisogo, walimwita Mtoto wa Usingizi. Alilijua jina hilo. Kwa sababu yake aliapa kwamba hatakuwa mchimbaji wa kusimama-simama. Atachimba haraka kuliko wote mpaka midomo hiyo ijifunge yenyewe.

Kisima kipya kilikuwa kwenye mteremko ule ule wa cha zamani, kampuni nyingine, maneno yale yale. Chini yake ulitandazika mtaa mzima: mabati, shule, zahanati, na nyumba moja yenye mlango wa bluu alimokaa mama yao. Mama alikuwa ameshasema: hahami. Gesi ilishamchukua mume, haimchukui na nyumba.

Asubuhi hiyo Shangazi Mawe aliingia kibanda cha kuoshea na kikombe cha chai mkononi. Humo alitawala Mama Safi. Kazi yake ilikuwa kukinga vipande vya mwamba vinavyopandishwa kutoka chini na tope linalosukumwa kisimani, kuviosha, kuvichekecha na kuvipanga kwenye trei ili vitazamwe kwa darubini. Hakuna aliyeosha kama yeye. Makao makuu walimsifia trei zake mbele ya watu, naye tangu siku hiyo alitembea kama bibi harusi.

"Tazama leo," alisema akisogeza trei. "Mchele wa wageni huu. Ukitaka weka na nazi."

Shangazi Mawe aliinama kwenye darubini. Vipande vidogo vya jiwe la udongo, vya kijivu, vya adabu, kila kimoja sawa na mwenzake. Hakuna neno. Akatoka nyuma ya kibanda kumwaga machicha ya chai, na kiatu chake kikaliza kitu: krach, kama amekanyaga vigae.

Akaangalia chini. Alikuwa amesimama juu ya chungu ya vibanzi. Vipande virefu kama kidole, vyembamba, vimepinda kama kucha zilizokatwa, vina ncha kali pande zote mbili. Kikombe kilibaki kimening'inia mkononi. Vibanzi hivi alivijua kabla hajaijua shule. Alipokuwa mtoto aliviokota pembeni ya lile dimbwi jeusi, akavichomeka mchangani kuwa uzio wa nyumba ya kuchezea.

"Mama Safi! Hivi vimetoka wapi?"

"Hivyo? Takataka." Mama Safi alichungulia, mikono inachuruzika maji. "Havipiti kwenye chekeche. Agizo si la makao makuu? Kinachopita ndicho sampuli, kisichopita tupa. Vikubwa vinachafua trei."

"Vimeanza kuwa vingi hivi lini?"

"Tangu jana. Mpaka mgongo unaniuma kwa kuvibeba. Kisima kinakata kucha, shangazi, sijui kinajiandaa kuolewa."

Shangazi Mawe hakucheka, na si kwamba utani haukuwa mzuri. Kipande kidogo cha adabu ni kile kilichong'atwa na meno ya mtambo. Kibanzi hakikung'atwa na kitu. Kinaruka chenyewe kutoka ukutani mwa kisima, kwa sababu ndani ya jiwe kuna msukumo mkubwa kuliko uzito wa tope linaloukinga ukuta. Jiwe linajipasua kuja kwako. Na hawa, kwa kupenda usafi, walikuwa wameiosha habari na kuimwaga, wakabaki na trei nzuri.

Usikunje uso, si elimu ya wakubwa peke yao. Zamani za zamani, mto uliokwisha kufa ulimwaga udongo kwenye bonde hili kwa pupa, tabaka juu ya tabaka, bila kupumzika. Maji yaliyokuwamo kwenye matope yale hayakupata nafasi ya kutoka; kabla hayajapata njia, yalishafunikwa. Na maji ukiyafungia hayakubali kubanwa. Yakabeba mzigo wa juu mabegani, mlima mzima, na bado yanaubeba mpaka leo yakiguna. Chini zaidi, mabaki ya mimea na viumbe yakapikwa na joto la ardhi yakatoa gesi. Gesi ikapanda, ikaingia kwenye jiwe la mchanga lenye vijitundu, ikakuta juu yake kifuniko cha udongo kisicho hata na pengo la sindano. Ikakaa hapo, nyingi, imebanwa, inasukuma. Kifuniko hicho ndicho kinachofanya gesi iwe mali. Na kifuniko hicho hicho ndicho kilichomuua mchimbaji.

Akajaza vibanzi kwenye kofia yake ya kazini, akaenda kwa mkubwa wa kisima.

Mkubwa wa kisima aliitwa Bosi Kalenda. Ofisi yake ilikuwa kontena, na ukuta mmoja wa kontena ulikuwa kalenda kubwa iliyokatwa-katwa kwa kalamu nyekundu, siku moja baada ya nyingine, kama mtu anayehesabu kifungo chake. Hakuwa mjinga. Lielewe hilo, maana mjinga angesameheka.

"Bosi, tusimame," Shangazi Mawe alisema. "Tushushe bomba la chuma hapa hapa tuimarishe kuta, kabla hatujafika kwenye mchanga wa gesi."

"Na wewe habari za asubuhi."

Alimwaga vibanzi mezani. Kimoja kikabiringika mpaka kwenye sahani ya mandazi. Bosi Kalenda akakishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota unywele kwenye chakula.

"Kuta zinabomoka. Kisima gani kuta hazibomoki?"

"Zikibomoka kwa nyufa za zamani, hutoka mabonge butu, ya pembe nne. Hivi vimeruka vyenyewe. Presha ya chini imeshalizidi tope letu."

"Basi nitaongeza uzito wa tope."

"Ukiongeza unaotosha kuishika gesi, ule mchanga dhaifu tuliouacha juu bila bomba utapasuka. Tope litakimbilia huko, kisima kibaki kitupu. Usipoongeza, gesi inaingia. Tumebanwa juu na chini, bosi. Bomba kwanza, tope zito baadaye. Hakuna njia ya tatu."

Bosi Kalenda alivuta karatasi akachora mstari wa kulala upande. "Umesahau ufa. Huu hapa, unapita kando ya kisima. Presha yote imeshavuja humo tangu enzi za mababu. Hapo chini pametulia."

Shangazi Mawe aliweka kidole juu ya mstari ule. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini, na anayemjua angekimbia.

"Juzi ulisimama ukumbini mbele ya wageni wenye fedha zao ukawaonyesha ufa huo huo. Uliwaambia nini?"

Bosi Kalenda akaikunja ile karatasi.

"Uliwaambia umeziba. Kwamba ardhi ilipoteleza, udongo ulijipaka kwenye ufa kama mfinyanzi anavyoziba chungu, ndiyo maana gesi haikutoroka. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, kwa sababu ni kweli. Ungekuwa unavuja, tungeona mapovu kwenye chemchemi za huko juu, na maji yake ni baridi, matamu, hayana hata harufu. Sasa mgeni akija ufa umeziba, mchimbaji akiuliza ufa unavuja. Chagua mmoja, bosi. Kama unavuja, hakuna gesi, tufunge mizigo twende makwetu. Kama umeziba, gesi ipo na presha ipo. Ni ulimi na mate hivyo, huwezi kuchukua kimoja."

Ukimuuliza Bosi Kalenda leo, atakwambia alikuwa anatafakari. Hakuwa anatafakari. Alikuwa anaangalia ukuta wa kalenda.

"Bomba moja la kuchimbia," alisema hatimaye. "Tushuke urefu wa hilo moja tu, tuguse mchanga, wageni wakija Ijumaa wakute tumeupata. Baada ya hapo nitakushushia machuma yako yote. Na tafadhali," alifuta vibanzi mezani kwa kiganja, vikadondoka sakafuni, "mambo ya baba yako usiyalete kwenye kisima changu."

Shangazi Mawe alipiga magoti akaviokota kimoja kimoja. Alichukua muda wake. Bosi Kalenda alianza kusema "acha, vitafagiliwa", akaacha. Kisha binti wa mchimbaji akasimama, akajipangusa magoti, akatoka bila kuaga. Hakwenda kwenye meza yake kuandika malalamiko. Malalamiko yana safari ndefu, na jino la mtambo lilikuwa linashuka.

Alipanda ngazi za chuma mpaka kwenye jukwaa la wachimbaji. Pale juu ya meza ya chai palikuwa na bango: YEYOTE ANA HAKI YA KUSIMAMISHA KAZI IKIWA HATARI. Msumari uliolishika ndio watu walitundikia makoti, kwa hiyo siku nyingi bango lilisomeka YEYOTE ANA HAKI basi.

"Dada!" Breki alipaza sauti kushinda mngurumo. Uso ulikuwa unang'aa. "Umeona mwendo? Jiwe linakatika kama papai! Tangu asubuhi nakimbia tu. Leo watanikoma!"

"Ndicho kilichonipandisha. Mdogo wangu, ukishuka jiwe linatakiwa kuwa gumu au laini?"

"Gumu."

"Basi kwa nini unakata papai?"

Breki aliinamia usukani. Macho yalikuwa kwenye mishale ya vipimo.

"Kwa sababu halijakomaa. Limeshiba maji yaliyofungiwa, yamelishikilia lisishikane. Tupo mlangoni kabisa." Akamshika mkono wa bure, akaugeuza kiganja juu, akamwagia vibanzi. "Na huu ni ukuta wako, unakuaga."

Breki alivitazama. Alikuwa mchimbaji, hakuhitaji hotuba. "Hivi sijaonyeshwa."

"Wala mimi. Vilikuwa vinatupwa nyuma ya kibanda."

"Bosi amesema nini?"

"Bomba moja."

"Basi ni bomba moja, dada." Akaufumba mkono. "Unajua nikisimamisha halafu pasiwe na kitu, watasema nini? Watasema ameota. Mtoto wa Usingizi ameota mchana kweupe. Nitaliosha na nini jina hilo?"

"Na usiposimamisha hawatasema neno. Atakayesema atoke wapi?"

"Usimtaje baba."

"Sijamtaja."

"Unataka kumtaja. Nakujua, ukishupaza shingo hivyo unataka kumtaja."

"Haya, namtaja!" Sasa na yeye alipaza sauti, na wasaidizi wawili waliokuwa kwenye mabomba wakageuka. "Baba hakusinzia! Vibanzi kama hivi viko mpaka leo kwenye dimbwi lake, nilivichezea mimi, na wewe nilikubeba mgongoni. Kisima chake kilimwambia, ila hakuna aliyempelekea ujumbe. Wewe umepelekewa. Hiyo ndiyo tofauti yako na yeye, kijana wetu, nyingine haipo."

Kipaza sauti juu ya vichwa vyao kikakoroma. Sauti ya Bosi Kalenda: "Breki, hapo juu kuna mkutano? Endelea kushuka."

Breki aliinua macho akatazama ng'ambo ya reli. Chini mabati yalikuwa yanameta juani. Mtu fulani alikuwa anaanika nguo. Mlango wa bluu ulikuwa wazi.

Akatia vibanzi mfukoni, akashika usukani, akasimamisha mzunguko. Akalinyanyua jino kutoka chini ya kisima. Akazima pampu.

Ukimya ulioshuka pale ulimfanya hata Mama Safi atoke kibandani kwake.

Sasa sikiliza vizuri. Pampu zikizimwa, tope linalorudi kutoka kisimani linapaswa kusimama, kama maji ndooni. Watu wote waliinamia mfereji wa chuma linapopita. Tope likapungua. Likawa uzi. Mmoja wa wasaidizi akapumua, akaanza, "Si mnaona, hakuna..."

Uzi ukanenepa. Ukawa mkono. Tope likaja lenyewe, hakuna aliyelisukuma, linachemka mapovu.

Kipaza sauti kilikuwa kinaita, "Breki! Nani kakuruhusu? Breki!" Breki hakuomba ruhusa ya kwanza, hakuomba na ya pili. Alifunga zile vali kubwa zinazokaba mdomo wa kisima. Chuma kiliguna chini ya miguu yao, na mshale wa presha ukaanza kupanda.

Kilichobaki hakikuwa mikononi mwa mtu. Kama ule mchanga dhaifu wa juu ungepasuka, gesi ingejitafutia njia pembeni ya vali na kutokea popote ilipotaka: chini ya mtambo, uani kwa mtu, shuleni. Mshale ukapanda. Shangazi Mawe alikuwa ameshika mkono wa koti la mdogo wake bila kujua. Mshale ukapunguza mwendo, ukasita, ukasogea tena kidogo kama mtu anayekusudia kukuudhi, ukasimama.

Bosi Kalenda alifika juu anahema, kalamu nyekundu sikioni. Aliusoma mshale. Rangi ilimtoka usoni.

"Mchanga wa juu umeshika?" aliuliza, taratibu, kama mgonjwa anayemuuliza daktari.

"Umeshika," Shangazi Mawe alijibu. "Tuliugusa tu mchanga wa gesi, iliyoingia ni kidogo. Kwa bomba lako moja zima usingeshika."

Walifanya kazi polepole mpaka wakaitoa gesi iliyoingia na kukituliza kisima, tope likiongezwa uzito kidogo kidogo kama mgonjwa anavyolishwa uji. Watu wa mtaa walihamishiwa ng'ambo ya kilima. Mama yao alikataa kutoka mpaka afunge mlango wa bluu kwa kufuli, kana kwamba gesi ni mwizi wa kuku. Kisha bomba la chuma likashushwa, pale pale binti yake alipotaka lishushwe. Wageni wa Ijumaa walikuja wakaambiwa kuwa kisima kilidhibitiwa kwa umahiri wa uongozi. Wakapiga makofi. Wewe uliisikia redioni, ukasema afadhali, ukabadilisha stesheni.

Breki alikwenda kwenye dimbwi jeusi siku ya mapumziko yake. Alipenya uzio, akachuchumaa, akafukua kwa kidole mpaka akapata kibanzi. Akakiweka kiganjani pamoja na kile kilichotoka mfukoni mwake. Vilikuwa ndugu wa tumbo moja. Mpita njia mmoja akasimama kumtazama, pengine wewe.

"Alikuwa macho," Breki alimwambia. "Baba alikuwa macho."

Ingekuwa ngano, ingeishia hapo. Lakini Bosi Kalenda amepewa kisima kingine, nyuma ya kilima, juu ya mtaa mwingine, na amekwenda na kalenda mpya. Shangazi Mawe alidai kwenye kikao kwamba agizo la chekeche libadilishwe, kisichopita nacho kitazamwe. Wakamjibu kwamba hoja yake imepokelewa. Unajua hoja ikishapokelewa huwa inalazwa wapi. Juzi trei za kwanza za kisima kile zilipita kuelekea makao makuu, safi, zinapendeza.

Kwa hiyo ndugu wawili wameacha mtambo wao, na Mama Safi, aliyepewa sifa kwa kutupa, amebeba beseni la vibanzi kichwani akawafuata. Wamesimama kwenye lango la kisima kipya. Mlinzi amewauliza wanataka nini. "Tunataka taka zenu," Mama Safi amemwambia, "tena msizioshe." Mlinzi amewacheka. Ni watatu, na watatu wanachekeka.

Jino limeanza kushuka. Usingoje redio ikusimulie. Vaa viatu, mwite jirani, nendeni langoni, mkawe wengi msiochekeka tena. Usiulize kuna gesi kiasi gani. Hilo watakujibu kwa furaha. Uliza kifusi kisichopita kwenye chekeche kimemwagwa wapi, na usiondoke mpaka kimwagwe miguuni pako ukione. Unavijua vibanzi sasa, huwezi tena kusema hukujua. Acha kusoma. Inuka, nenda.